Mguu Juu ya Mkeka

Siku hizi wanaziita slaidi. Mjukuu wangu yuko chuo kikuu, amefanya utafiti wake wa mambo ya udongo, na juzi alikuja kunionyesha picha atakazowaonyesha walimu. Maneno yamejaa toka juu mpaka chini, rangi nne, na pembeni kuna ua linazunguka, sijui linazungukia nini. Nikamwambia afute nusu, na hilo ua aliondoe kabisa. Akanuna. "Babu, kwani slaidi wewe unazijulia wapi?" Mimi nina hasira za karibu, hata uzee haujazipunguza, na jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza, nikaomba chai.

Nazijua, wallahi. Nilizitengeneza kwa mikono hii, Msambweni, miaka ya hamsini, zilipokuwa bado ni vioo. Vipande vya kioo vya ukubwa wa kiganja, viwili vimebanwa pamoja kwa utepe mweusi, picha katikati. Unakitia kioo kwenye mtambo wenye taa, picha inatoka kubwa kwenye shuka nyeupe ukutani. Aliyeniajiri alikuwa daktari Mzungu aliyekuja kuchunguza matende, ule ugonjwa wa kuvimba mguu ambao kwetu, toka Diani mpaka Jego, kila ukoo ulikuwa na mtu wake. Alipanga nyumba karibu na soko, akajaza meza kwa darubini na chupa, na akazunguka vijijini kutoa watu damu na kuwagawia vidonge. Mimi alinichukua kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Maduka kadhaa yalikuwa na maandishi yangu mlangoni.

Kiswahili chake alikipata bara, kikavu, hakina tafadhali wala samahani. Siku ya kwanza nilimchorea kioo chenye habari zote: majina ya vijiji, idadi ya wagonjwa, mbu, mguu, na chini nikaongeza mstari wa maua kwa mapenzi yangu. Alikitazama, akachukua wembe, akakwangua kila kitu mpaka kioo kikabaki cheupe. "Mingi sana," akasema. "Kioo moja, neno moja." Nilikasirika siku nzima. Mtu amekesha na kalamu, wewe unakuja na wembe.

Lakini alikuwa na akili yake. Alinifundisha kukishika kioo kwa mkono ulionyooka na kukisoma kwa jicho tupu. Ukishindwa kukisoma hivyo, alisema, mtu aliyekaa nyuma ukumbini hatakisoma hata ukutani. Alinifundisha kuacha nafasi tupu bila kuona kwamba nimefanya uvivu. Kwenye ramani nilitaka kuandika kila mto na kila kisiwa. Alinibakishia ufuo, Msambweni, Funzi na Jego, na madoa mekundu mahali penye wagonjwa wengi. Ramani ile ukiitazama mara moja umeielewa. Baada ya muda nilianza kuyapenda mambo hayo, nikawa naona hata mbao za madukani nilizoziandika zamani zina makelele. Kioo moja, neno moja. Nilichoka kumsahihisha.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na dada yangu. Wazazi walikuwa wametangulia mbele ya haki, naye ndiye aliyenilea. Alisuka mikeka. Alikata ukindu, akaukausha, akauchemsha na rangi, akausuka mikanda mirefu, kisha akaishona mikanda hiyo ikawa mkeka. Aliuzia nusu ya mji. Na chini ya leso yake, aliyoiteremsha mpaka vidoleni, mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba toka kifundoni mpaka karibu na goti. Tuliojua ni mimi naye, na daktari niliyemwambia kwa siri. Mchana hakutoka. Watu walisema ana heshima, haonekani ovyo, naye aliwaacha waseme.

Mwaka ule dada alikuwa ameposwa. Mposaji alikuwa seremala wa Jego, mjane, mtu wa makamo, mpole, na aliyeleta maneno alikuwa dada wa huyo seremala, mke wa mtu pale pale Msambweni, mteja wa mikeka. Dada alishaanza kumwita wifi. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya Ramadhani. Nami nilimwuliza waziwazi, maana sijui kuzunguka: je, seremala anaujua mguu?

"Hajaujua," dada alinijibu. "Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu. Hivyo vidonge vya daktari wako vinipunguzie kidogo kwanza, niwe na la kumwambia."

Hilo ndilo alilolitaka, si zaidi: amwambie yeye, kwa wakati wake. Vidonge vilimpa homa na kichefuchefu siku za mwanzo, kama vilivyowapa wote, na wengi mjini walivitupa chooni. Dada hakutupa hata kimoja. Mguu ukaanza kulegea. Usiku aliupima kwa uzi na hakuniambia kitu, lakini asubuhi nilimsikia akiimba jikoni.

Daktari naye aliuona, akautaka kwenye picha. Alikuwa na safari ya kwenda Mombasa kusoma matokeo yake mbele ya madaktari wenzake, na mguu uliovimba halafu ukaanza kulegea ndio uliokuwa utafiti wake wote. Alikuja nyumbani na kamera ameificha ndani ya kikapu, kwa kuwa nilimwomba aje hivyo. Dada aliketi uani juu ya mkeka, akanitazama mimi, si daktari.

"Uso?"

"Uso hautakuwapo. Nitaufunika mwenyewe."

"Jina?"

"Hakuna jina. Na picha inakwenda Mombasa, kisha Ulaya. Haikai hapa."

"Haya. Namwamini kwa ajili yako," akasema, akaipandisha leso.

Kioo kile nilikifanyia kazi kuliko vyote. Nilikata karatasi nyeusi, nikafunika uso, mabega, mikono. Nikafunika ukuta wa nyumba yetu na kona ya mlango, mtu asije akautambua mlango. Bangili ya mguuni nilikuwa nimemvua kabla hajapigwa picha. Kulibaki mguu mmoja na mkeka chini yake. Daktari akafurahi sana. Ila mguu ulikuwa wa kijivu na mkeka wa kijivu, vikamezana. "Paka mkeka rangi," akaniambia. "Mguu acha. Macho itaenda kwa mguu." Ni kweli, macho huenda pale palipo tofauti. Nikachukua brashi ya unywele mwembamba nikapaka mkeka rangi zake, wekundu wa mikanda na zambarau ya ukingoni, kama nilivyouona uani kila siku ya maisha yangu. Mguu ukatoka mbele. Nikanyoosha mkono, nikakisoma kwa jicho tupu. Sijafanya kazi safi zaidi ya ile mpaka leo.

Siku chache kabla ya safari, daktari alirudi kutoka Kwale na habari. Mkubwa mmoja wa serikali huko juu alikuwa amemwambia kwamba, kabla hajawaonyesha madaktari wa Mombasa, awaonyeshe kwanza watu wenyewe aliowatoa damu. Waje wote, wanaume kwa wanawake, shuleni Msambweni, Alhamisi baada ya alasiri. Na kusema haki, neno lile lilikuwa la haki. Watu walikuwa wakinung'unika kwamba damu zao zinauzwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuulizwa barabarani.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vioo, nikakitoa cha mguu, nikakigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Uso hamna. Bangili hamna. Ukuta hamna. Mguu uliovimba pwani yetu si kitu cha kumtaja mtu. Roho ikatulia. Nikamwambia dada, naye akasema kama uso hamna basi hamna neno.

Alhamisi tukaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, tukaunga mtambo kwenye betri ya gari. Wanaume waliwekewa madawati. Wanawake walikuwa wakae chini upande wa mbele, kwa hiyo mwalimu mkuu akatuma watu waazime mikeka, na mikeka inaazimwa wapi Msambweni ile kama si kwetu? Dada aliitoa yote aliyokuwa ameikunja akisubiri wanunuzi. Akatuma salamu, akasema tusiikanyage na viatu.

Nilikuwa nimewasha taa kuujaribu mtambo, na kioo nilichokishika mkononi kwa bahati kilikuwa kile. Picha ikatokea kwenye shuka. Mbele ya shuka, watu wakawa wanakunjua mikeka sakafuni mmoja baada ya mwingine. Ukutani nyuzi mbili nyekundu zinapishana, zinaachana, zinapishana tena, kisha ukingo wa zambarau. Sakafuni nyuzi mbili nyekundu zinapishana, zinaachana, zinapishana tena, kisha ukingo wa zambarau. Sisi wanaume tunalala juu ya mikeka, tunaswali juu yake, tunakula juu yake, na hatuioni. Wanawake wa kwetu wanaijua mikono ya wasukaji kama mimi ninavyojua mwandiko wa mtu. Hakuna aliyesuka vile isipokuwa dada. Nikaizima taa.

Nilimfuata daktari nje, alikuwa anapitia karatasi zake chini ya ukingo wa paa.

"Bwana Daktari, kioo cha mguu tusikionyeshe leo."

"Kwa nini?"

"Watamjua mwenyewe."

"Sura hapana. Watajua namna gani?"

"Kwa mkeka."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu akicheka kwa ubaya unapata pa kumshika. "Mikeka ya pwani yote sawa," akasema. Nikamweleza msuko, nikamchorea kwa kidole mchangani. Akasikiliza. Kisha akasema kwamba watu wanatupa vidonge, kwamba wakiuona mguu ulioanza kulegea watavimeza, na kwamba bila kioo kile vingine vyote ni karatasi za ofisini. Je, nilikuwa na kioo kingine cha mguu? Sikuwa nacho. Je, naweza kuuondoa mkeka sasa hivi? Kioo kilikuwa kimefungwa na kukauka, ukikifungua picha inachunika. Watu walikuwa wameanza kuingia. Akanipiga bega, akaenda kuwasalimia wazee. Nikabaki na vumbi langu la mchoro.

Darasa likajaa, joto likapanda. Wanawake waliingia, wakavua viatu, wakaketi juu ya mikeka ya dada. Wifi alikaa mstari wa mbele kabisa, katikati, na buibui lake jipya. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, baba, dada hajambo?" Nikasema hajambo.

Daktari akaanza. Ramani ikapita, watu wakatafuta vijiji vyao, wakafurahi kuiona Funzi. Mbu akapita. Michoro ya idadi ya wagonjwa, mistari mirefu na mifupi, ikapita, na hata wazee wasiosoma waliielewa, maana niliichora kwa mfano wa minazi. Kila kioo nilichokitoa kilikisogeza kile cha mguu. Vioo vilikuwa vimepangwa kwenye sanduku lake la mbao, kila kimoja na nafasi yake, na ninyi mnaokaa mbele hamjui kwamba mtu wa taa huyaona yajayo kabla yenu. Nilipokifikia, kidole changu kikakipita, nikakitia kinachofuata.

"Umeruka moja," daktari akasema kwa upole. "Rudi."

Watu wakageuka kunitazama. Nikarudi. Nikakitia kioo, lakini nikaizungusha lenzi mpaka picha ikawa ukungu, wekundu tu na weusi, kitu kisichojulikana. Nikaomba aseme haraka apite. Hakupita. Alikuja mwenyewe mpaka nyuma, akipenya kati ya madawati, akaishika lenzi kwa vidole vyake, akaizungusha pole pole. Ukungu ukapungua. Mistari ikakutana. Mguu ukatoka mbele ya mkeka, mkubwa kama ukuta, safi, kila uzi na rangi yake.

Daktari akaeleza unene wake kabla ya vidonge, wanaume wakaguna kwa kustaajabu. Mmoja akasema kweli dawa ipo. Wanawake hawakuguna. Niliona vichwa vikitazama juu, kisha vikiinama kutazama sakafuni, kisha juu tena. Bibi mmoja aliupitisha mkono wake juu ya mkeka aliokalia, taratibu, kufuata uzi mwekundu. Minong'ono ikaanza upande mmoja, ikatembea. Wifi hakunong'ona. Alijiinua, akaukunja ukingo wa buibui lake usiguse chini, akavaa viatu, akatoka. Mlango ulipofunguka mwanga ukaingia na picha ikafifia kidogo, kisha ukafungwa, ikarudi kama ilivyokuwa. Daktari alikuwa bado anaeleza vidonge.

Nilikaa nyuma ya ile taa inanichoma mkono, sina la kufanya. Nimewahi kufiwa, nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kulala njaa. Sijawahi kuwa mnyonge namna ile.

Jioni niliibeba mikeka kichwani nikarudi nyumbani. Dada aliipokea, akaikung'uta mmoja mmoja, akatazama kama imekanyagwa.

"Ilitosha?"

"Ilitosha."

"Na picha? Ilionekana vizuri?"

Nikamwambia yote. Sikuficha, kwani kesho angeambiwa na kila anayepita. Alisikiliza huku akiendelea kuikunja. Mwisho alisema, "Mkeka," kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau sokoni. Akaingia ndani.

Siku mbili tatu zikapita, kikaletwa kifurushi kimefungwa kamba. Ulikuwa mkeka aliompa wifi kwa zawadi ya uchumba. Haukuja na maneno. Maneno ya seremala yalikuja baadaye, kwa mdomo wa watu: kwamba si mguu, kwamba mguu ni kazi ya Mungu, kilichomvunja moyo ni kuambiwa na mji mzima kitu alichopaswa kuambiwa na mkewe. Dada alilia hapo, si kabla. Alisema ana haki. Mimi nikasema ana haki gani, asituletee, ni mguu tu na anatafuta pa kupitia. Tukagombana, mimi na yeye, na seremala yuko zake Jego.

Mji ulianza kumeza vidonge. Siwezi kulikana hilo. Wanawake walikuwa wakija mpaka mlangoni kwa daktari kuviomba, na ni kwa sababu walimjua mwenye mguu. Ungekuwa mguu wa mtu wasiyemjua wasingeamini. Dada naye hakuviacha, na kufikia msimu wa kaskazi kifundo chake kilionekana mfupa.

Daktari alikuwa amerudi kutoka Mombasa na sifa, kioo kile kimependwa kuliko vyote. Sasa alitaka cha pili cha kukiweka baada yake, mguu ule ule umepona. Nilitaka kumjibu aende akapige picha ya mguu wake. Nikampelekea dada maneno, nikijua atakataa.

"Mwambie aje," akasema. "Ila safari hii asikate uso. Kama nimeonekana, nionekane. Nataka nitazame."

Alikuja mchana, kamera mkononi, hakuna kikapu. Dada aliketi uani juu ya mkeka ule uliorudishwa, leso ameipandisha, mguu ameunyoosha, akaitazama kamera moja kwa moja. Alikuwa mwanamke mzuri, dada yangu. Watu walisimama uwanjani kuangalia, hakumfukuza mtu.

Picha ilipotoka nikampelekea daktari, nikamweleza dada alivyosema. Aliitazama kwa muda. Alisema ni picha nzuri. Kisha akatikisa kichwa.

"Watu wataangalia sura. Mguu hawataona." Akanisogezea mkasi na karatasi nyeusi. "Kioo moja, neno moja."

Nikasema dada ameomba. Akasema anaelewa, na akaniuliza kama sioni kwamba uso unavuta jicho kando. Niliitazama picha. Uso ulikuwa unavuta jicho kando. Nilikuwa nimefundishwa vizuri, nisingeweza hata kubisha.

Nikachukua mkasi, nikaukata mduara, nikamfunika uso.